Lambo la Baba Juu ya Bati la Jirani

Chumba cha bibi yake Sauda kilianza kunuka udongo kabla ukuta wake haujaanza kulowa. Haikuwa harufu ya vumbi lililonyeshewa, ile ambayo watu wengi huipenda. Ilikuwa harufu nzito ya udongo wa chini, wenye mizizi ndani yake, kama ule unaotoka mtu anapochimba choo. Ilichanganyika na harufu ya tangawizi, ya mafuta ya karafuu ambayo Bibi alijipaka magotini, na ya vitambaa vipya vya Mama Sauda, aliyekuwa fundi cherehani. Nilikuwa na miaka kumi. Kila siku baada ya masomo ya asubuhi niliketi ukingoni mwa kitanda cha Bibi, mgongo wangu karibu na ule ukuta wa nyuma, nikimsikiliza, kwa sababu nyumba ile ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyenilazimisha kusema. Sauda alikuwa rafiki yangu wa kwanza mjini Kigali, na kwa muda mrefu alikuwa wa pekee. Siku moja, mwanzoni mwa mvua za masika, Bibi aliacha hadithi katikati, akanusa hewa, akasema kwamba mlima umeingia ndani. Sauda alicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua kilichokuwa juu ya ukuta ule.

Juu ya ukuta ule palikuwa na ua wetu. Katika miteremko ya nyuma ya Nyamirambo nyumba zilipangwa kama ngazi. Kila familia ilikata mlima, ikajenga kwa matofali mabichi kwenye kipande kidogo cha tambarare ilichokipata, na ukuta wa nyuma wa kila nyumba ulisimama hatua moja tu kutoka kwenye udongo wa jirani wa juu. Nikisimama ukingoni mwa ua wetu, bati la kina Sauda lilikuwa sawa na miguu yangu. Nilikuwa nikidondosha kokoto moja juu yake, Sauda anatoka nje, nami nateremka vidato vya udongo bila kuhitaji kumwita kwa sauti. Gari halikuweza kufika pale, na hata waendesha pikipiki waliwashusha abiria barabarani juu na kuwaacha wamalizie kwa miguu. Mvua ilipoanza, watu wa mteremko walikuwa na desturi zao. Waliviringisha magodoro mapema, wakafunga nguo na karatasi muhimu ndani ya mfuko wa plastiki karibu na mlango, na aliyeona udongo unafunguka alipiga sufuria kwa mwiko bila kukoma, mpaka nyumba zote za chini yake ziwe tupu. Hakuna aliyepiga sufuria kwa mchezo. Mtoto aliyewahi kujaribu alichapwa na kila mama aliyekutana naye siku hiyo.

Sisi tulikuwa wageni wa hayo yote. Baba alizaliwa Tanzania, katika tambarare kavu za Singida, kwa wazazi waliotoka Rwanda, nasi tulirudi nilipokuwa na miaka tisa. Kule ardhi ilikuwa bapa kiasi kwamba mtu akija kukutembelea unamwona tangu akiwa nukta. Wiki za kwanza Kigali misuli ya miguu yangu iliniuma mpaka nikalia shuleni, nami nikasema ni tumbo, kwa aibu. Niliposhuka nilijivuta kwa makalio, niliposhika jerikani la maji nilipumzika kila vidato vitatu, na Sauda alinipita akiwa na jerikani kichwani, vidole vya miguu vimetanuka na kushika udongo kama vidole vya mkono. Watoto waliniita Dada Ngazi. Lakini mwili haubishani na mahali. Baada ya miezi mitatu nyuma ya miguu yangu palikuwa pagumu, pumzi yangu ilikuwa ndefu, na nilianza kushuka kwa ubavu, mguu mmoja mbele ya mwingine, kama watu wote wa pale, bila mtu yeyote kunifundisha.

Bibi alinieleza kwamba hata wao waliwahi kuwa wageni. Baba yake alikuja kutoka pwani na misafara ya biashara, akafika kwenye milima hii akiwa na kikoi na kanzu nyepesi, akakataa kuvaa kitu kingine. Aliona koti ni vazi la watu walioshindwa. Asubuhi za ukungu alitetemeka mpaka kikombe kikamwagika, na alikohoa mwaka mzima. Bibi aliiga kikohozi chenyewe, mkono kifuani, macho yamemtoka, nasi tulicheka mpaka Mama Sauda akasimamisha cherehani na kutuuliza tunamcheka marehemu gani. Hatimaye yule mzee alinunua koti zito, akaanza kunywa tangawizi ya moto kabla ya jua kuchomoza, akaoa mwanamke wa hapa, akazaa watoto ambao walitembea bila viatu kwenye umande. Bibi alisema wajukuu wake wakienda pwani leo watakufa kwa joto.

Baba yangu naye alikuwa na mwili wa mahali pengine. Alikunywa kikombe kimoja cha maji asubuhi na kingine jioni, na kati ya hapo alisuka nondo juani, kwenye jengo lililokuwa likiinuka karibu na mzunguko wa barabara wa Sonatubes, bila kutafuta maji. Wenzake walidhani anafunga. Alipokuwa na miaka saba mvua ilikatika kule kwao kwa misimu miwili. Watu walichimba mchanga wa mto mkavu mpaka mtu akiwa ndani ya shimo haonekani kichwa, wakasubiri maji yajikusanye kidogo kidogo kwenye kata. Dada yake mdogo alikunywa maji mabaya ya dimbwi la ng'ombe na hakupona. Mimi nimepewa jina lake, Neema. Waliobaki waliokolewa na lambo ambalo babu alikuwa amelichimba nyuma ya nyumba, akilijaza kwa mvua ya mwisho na kulifunika kwa miti na nyasi lisikaushwe na jua. Kwa hiyo nyumbani kwetu kumwaga maji kulikuwa aibu kama kumwaga chakula. Beseni moja lilinawisha nyuso, likaosha mboga, likaosha miguu, na mwisho likaenda kwenye mche wa pilipili. Mama hakuhitaji kutukumbusha. Mikono yetu ilijua yenyewe.

Ndiyo maana Baba alipoona mvua za Kigali kwa mara ya kwanza hakuweza kukaa ndani. Alisimama mlangoni akiangalia maji mekundu yakikimbia kwenye vidato na kupotelea bondeni, akawa anatikisa kichwa kama mtu anayeona jirani akichoma mahindi mabichi shambani. Kiangazi kilichofuata bomba la pamoja lilikauka kwa wiki nyingi, tukapanga foleni na jerikani, na hapo akaamua. Alichimba lambo uani kwetu kwa Jumapili tano. Kina chake kilimfika kifuani, upana wake ulikuwa wa kitanda cha watu wawili, na alikandika pande zake kwa udongo wa mfinyanzi kama alivyofundishwa na baba yake. Hakutia saruji. Kule kwao udongo ule ulitosha. Alitengeneza mfereji wa bati kutoka kwenye paa mpaka shimoni, na mvua ya kwanza ilipolijaza alituita sote, akachota kwa kiganja, akampaka maji mdogo wangu Eliya kwenye paji la uso. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Majirani walimtania. Katika mji ambao mtu husifiwa kwa ng'ombe wake, walisema Baba Neema ameamua kufuga maji. Asubuhi walimsalimia kwa kumuuliza mifugo imeamkaje, na jirani mmoja, mwendesha pikipiki aitwaye Kalisa, alimwomba ndama mmoja wa kuogea. Baba aliwajibu kwamba watamjia kiangazi, na ni kweli walimjia kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka, kila mmoja na jerikani lake, naye aliwapa wote. Hakuna aliyewaza kuhusu udongo. Waliozaliwa pale walijua kwamba kazi ya maji yote ya mvua mteremkoni ni kuondoka haraka, lakini walikuwa hawajawahi kumwona mtu akiyazuia maji mlimani, kwa hiyo hawakuwa na neno la kumkataza.

Kisha masika yakaja kwa nguvu, na ukuta wa Bibi ukaanza kunuka. Baada ya siku chache madoa meusi yalipanda kutoka sakafuni, yakawa kama ramani. Mama Sauda alikuja kwetu jioni moja, akavua kandambili mlangoni, akauliza hali zetu zote na hali ya watu wetu wa Tanzania kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe.

"Baba Neema, ukuta ya Bibi iko inalia," alisema. "Mimi si fundi, lakini naona maji iko inatoka kwako."

Baba alimjibu kwa upole kwamba mlima wote umejaa maji, kwamba hata nyumba za mbali zinalowa, na kwamba lambo lake limekandikwa vizuri. Mama Sauda hakubishana. Alirudi kwake akahamisha kitanda cha Bibi mpaka chumba cha mbele, karibu na mlango. Miguu ya Bibi ilikuwa imekufa tangu zamani, na upepo wa mlangoni ulimwingia kifuani. Kikohozi alichokuwa akikiiga sasa kilikuwa chake.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulitoka wote kwa umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Kundi letu lilipewa kuzibua mifereji, na mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, mama mmoja mrefu aliyerudi kutoka Uganda, alipofika uani kwetu alisimama akaangalia lambo kwa muda mrefu. Hakumfokea Baba. Alimwambia mbele ya watu wote kwamba hilo shimo lifukiwe ndani ya wiki moja. Watu waliinamisha vichwa wakaendelea na majembe. Baba alisema ndiyo. Nilimtazama uso, nikajua kwamba ndiyo yake ilikuwa ya mdomoni.

Siku tatu baadaye aliweka magogo juu ya lambo, akalaza mabati chakavu, akatandaza udongo kiasi cha kiganja, na Mama akapandikiza mchicha. Chini yake maji yalibaki, na mfereji wa paa uliendelea kuingia kwa bomba alilolifukia. Ukipita ungeona bustani. Baba alinichukua pembeni, akachuchumaa ili tulingane, akaniambia kwamba mvua zitakwisha baada ya wiki chache, kwamba kiangazi kitakuja na hakuna atakayetuletea maji. Akasema, "Wakikuuliza, sema tulifukia." Hakuniamuru kwa ukali. Aliniomba, na sijui kama ukali usingekuwa rahisi zaidi. Nilikuwa na jina la mtoto aliyekufa kwa kukosa maji safi. Nikaitikia kwa kichwa.

Aliyeniuliza alikuwa Sauda. Ilikuwa siku ya pili yake, tukichambua mchele mlangoni kwao, Bibi akikohoa nyuma yetu. Sauda aliuliza bila kuinua macho, kama mtu anayeuliza saa, "Mlifukia lile shimo?" Nikasema tulifukia. Alimgeukia mama yake akamwambia, Neema anasema wamefukia. Mama Sauda alisimamisha cherehani, akashukuru Mungu, akatuma salamu kwa Baba, na jioni hiyohiyo wakakirudisha kitanda cha Bibi nyuma, kwenye ukuta, mahali ambapo upepo haufiki. Mimi ndiye niliyeshika pembe ya nne ya kitanda. Bibi alinishika shavu, akaniambia sasa nitalala, mwanangu.

Kuanzia hapo sikulala mimi. Kila nilipotoka shule nilipita kwanza uani kuangalia udongo. Siku ya nne niliona ufa mwembamba, kama uzi uliodondoka, ukitoka upande mmoja wa bustani ya mchicha na kwenda upande wa pili, kati ya lambo na kizingiti cha nyumba yetu. Nilichomeka unyasi wa ufagio. Asubuhi iliyofuata unyasi ulikuwa umeanguka ndani. Nilimwambia Mama, naye akasema nimwambie Baba, na Baba akaweka udongo juu ya ufa akaupiga kwa kisigino. Ulipotea. Nadhani alitaka upotee kiasi kwamba aliamini. Mimi niliendelea kwenda kwa Bibi kila mchana na kuketi mahali palepale, kwa sababu nilihisi kwamba nikiacha kukaa pale watajua, na pia kwamba kama ni kuangukiwa, ni haki niwepo. Niliugusa ukuta kwa mgongo wa mkono wakati Sauda hatazami. Ulikuwa baridi na laini, kama unga uliokandwa.

Mvua kubwa ilianza mchana wa Alhamisi, muda mfupi baada ya swala ya adhuhuri. Baba alikuwa kazini, Mama alikuwa sokoni, nami nilikuwa nyumbani na Eliya, aliyekuwa na miaka mitatu. Ilinyesha bila upepo, imenyooka, na bati lilipiga kelele kiasi kwamba niliona mdomo wa Eliya unafunguka bila kusikia anasema nini. Nilichungulia uani. Ufa ulikuwa umerudi. Nilitoka nikaingiza kidole, kikaingia chote, kisha nikaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Nilivuta pembe ya bati moja juu ya lambo, mchicha ukaanguka, nikatazama ndani nikitarajia kuona maji yamefika ukingoni. Yalikuwa nusu. Bomba lilikuwa linamwaga maji kwa nguvu, na bado maji yalikuwa yanashuka, taratibu, yakiacha mstari wa povu kwenye ukuta wa lambo. Nilielewa kwamba yalikuwa yanakwenda mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na mtu mmoja tu, naye hawezi kutembea.

Nilimfunga Eliya mgongoni kwa kitenge nikateremka. Miguu ilijua njia, na hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na uhakika nalo. Sauda alikuwa mlangoni, akaniashiria niingie nisilowe. Mama Sauda alikuwa kwenye cherehani, na sufuria ya wali uliokwisha kuiva ilikuwa chini karibu na jiko. Nilisimama katikati ya chumba maji yakinitiririka. Sauti yangu ilikuwa ndogo siku zote, walimu walikuwa wakinisogeza dawati la mbele ili wanisikie, na sasa mvua ilikuwa juu yetu. Nilisema Bibi atoke. Mama Sauda aliinama kunisogelea akaniuliza nini. Nikasema tena, Bibi atoke nje.

"Atoke aende wapi na mvua hii, mama?" aliuliza. "Shimo si mlifukia?"

Nakumbuka aliniita mama, kama wanavyowaita watoto wa kike wanaowapenda. Nilitazama mikono yake ili nisitazame macho yake. "Hatukufukia," nilisema. "Maji iko ndani. Ardhi imefunguka."

Nilikuwa nikijiandaa kwa kofi. Mama Sauda hakunigusa. Aliinuka, akachukua ile sufuria, akamwaga wali wote juu ya ungo, akatoka nayo mlangoni akaanza kuipiga kwa mwiko wa chuma. Mlio ule ulipenya mvua kama sindano. Sauti nyingine ilijibu chini yetu, kisha nyingine, na milango ikaanza kufunguka. Watoto walipanda kwanza, kama ilivyokuwa desturi, kila mmoja ameshika nguo ya aliye mbele yake. Kalisa alishuka akikimbia na ingobyi, machela ya kusuka yenye miti miwili ambayo wazee walimpa aitunze chini ya paa lake kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa, kwa kuwa hakuna gari la hospitali ambalo lingefika. Wanaume wanne waliingia chumbani kwa Bibi. Walimfunika kwa koti na plastiki, wakapangana bila kuambizana, wafupi mbele na warefu nyuma, ili mtu anapopandishwa mlimani asiteleze kuelekea miguuni. Mmoja alipochoka mwingine aliingiza bega kabla mti haujashuka. Nimewaza mara nyingi kuhusu mabega yale. Hakuna shule iliyoyafundisha, mlima tu.

Tulikuwa tumefika barabarani juu, watu wapatao ishirini tumesimama chini ya ukingo wa paa la duka, wakati ua wetu ulipoondoka. Haukulia kama radi. Ulitoa sauti kama ya mtu mzito anayeketi kwa uchovu, ukateremka pamoja na mchicha, magogo na mabati, ukaingia nyumba ya kina Sauda kwa nyuma. Udongo ulijaza chumba cha Bibi mpaka juu ya dirisha. Chumba cha mbele kilibaki kimesimama, na cherehani ndani yake. Nyumba yetu ilibaki ukingoni, kizingiti kikining'inia. Mama Sauda alihesabu watu kwa kidole, akahesabu tena, kisha akaketi chini kwenye matope.

Mkuu wa mudugudu alifika, na baada yake Baba, aliyetembea kutoka kazini kwa sababu pikipiki zilikuwa zimeacha kubeba watu. Alitazama chini kwenye mteremko, akanitazama mimi na Eliya, akahesabu kama Mama Sauda alivyohesabu. Hapo angeweza kusema kwamba ni mlima. Milima ilikuwa imeanguka sehemu nyingi mwaka ule na watu wangemwamini, au wangejifanya wanaamini. Alivua kofia yake.

"Mama Sauda, nilidanganya," alisema. "Na nikamfundisha mtoto kudanganya. Nilifikiri naokoa watu wangu."

Mvua ilikuwa imepungua. Watu walingoja Mama Sauda ajibu, lakini aliyejibu alikuwa Bibi, kutoka ndani ya ingobyi, uso tu ukionekana kwenye plastiki. Alisema, "Baba Neema, baba yangu alikohoa mwaka mzima kwa ajili ya kikoi. Nunua koti." Wazee waliojua hadithi walicheka, kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kilio, na Baba, ambaye hakuijua, alisimama na kofia mkononi asijue kama amesamehewa au ametukanwa. Nadhani ilikuwa yote mawili.

Sauda alinifuata nyuma ya duka, ambako nilikuwa nimejificha na Eliya. Alikuwa bado ameshika ungo wa wali, amelowa, na wali umelowa. Aliniuliza jambo moja tu.

"Nilipokuuliza siku ile, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimekwisha kusema kweli mara moja siku hiyo, na sikuwa na nguvu nyingine ya kusema uongo. "Nilikuwa najua," nilisema.

"Na ukatusaidia kubeba kitanda," alisema. Kisha akaenda.

Msimu uliobaki Baba aliuishi kwenye matope. Kila jioni baada ya kazi alishuka kwa Mama Sauda, akatoa udongo kwa karai, akajenga ukuta wa mawe, akapanda matete kwenye ukingo ili mizizi ishike. Kalisa na wenzake walimwonyesha jinsi ya kuelekeza mfereji kwa mshazari ili maji yakimbie bila kuchimba. Mtu mzima, mwenye mvi za kwanza, alikuwa anajifunza kuyaacha maji yaende. Miguu yangu ilikuwa imejifunza mlima kwa miezi mitatu. Yeye alihitaji mwaka mzima na zaidi, kwa sababu alichotakiwa kukisahau ndicho kilichomfanya awe hai. Siku hizo nilimwona akisimama mvua inaponyesha, mikono nyuma, akilazimisha mwili wake usitafute ndoo. Sauda hakusema nami mpaka shule zilipofungwa. Bibi alinituma, akanisalimia, akanishika shavu kama zamani, lakini sikukaa tena ukingoni mwa kitanda chake, na hakuniambia nikae.

Mwaka uliofuata familia zote za mteremko ule zilihamishwa, kwa kuwa palitangazwa kuwa mahali pa hatari. Sisi tuko Kabeza sasa, karibu na barabara ya uwanja wa ndege, ambako ardhi imetulia na bomba liko uani. Mteremko wetu umekuwa miti na nyasi, huwezi kujua kwamba watu walizaliwa pale. Mifereji ya mji ni ya mawe na saruji, mirefu kuliko mtu, na simu hutuma ujumbe mvua kubwa inapokaribia. Hakuna anayepiga sufuria. Eliya, ambaye sasa ni kijana mdogo, hawezi kupanda Nyamirambo bila kusimama njiani kushika kiuno, na misuli yangu imelegea pia. Siwezi kusema zamani palikuwa bora. Bibi alifariki kwa uzee, kitandani, kwenye chumba kikavu huko Biryogo walikohamia kina Sauda, na hilo peke yake linatosha kuupendelea wakati huu.

Mimi nashona Biryogo, katika chumba cha Mama Sauda. Ni Sauda aliyekuja kuniita nilipomaliza shule ya msingi na kukosa la kufanya. Hakueleza kwa nini, nami sikuuliza. Tunaketi mgongo kwa mgongo, cherehani mbili, mwaka wa nne huu. Ananitania mbele ya wateja, ananiletea chapati, ananiazima nguo zake za sikukuu. Lakini jioni, tukiwa tumefunga mlango na tumefika uchochoroni, akiniuliza kama nimechomoa pasi nami nikamwambia nimechomoa, Sauda hufungua tena kufuli, huingia ndani, na hugusa waya kwa mkono wake. Haoni aibu, wala hanifichi. Mimi humsubiri nje, nikiwa nimemshikia mkoba wake.